Jinsi ya Kuilinda Baisikeli Isiibiwe

Katika somo hili twataka kujifunza jambo ambalo halimo katika mtihani wo wote, lakini kila mwenye baisikeli hupaswa kulijua, nalo ni jinsi ya kuilinda baisikeli isiibiwe. Msomaji asidhani kwamba ni jambo dogo la kuambiwa "nunua kufuli" na kwisha. Ndani yake mna hesabu, mna elimu ya nyenzo tuliyofundishwa katika fizikia, mna sheria, tena mna adabu ya kukaa na watu. Tutalitazama kwa taratibu, sehemu baada ya sehemu, na mwishoni yapo maswali ya kujipima.

1. HASARA YA KUIBIWA BAISIKELI

Kwanza tupime hasara yenyewe. Mwanafunzi wa kutwa akaaye kilometa 12 kutoka shuleni, akienda kwa miguu mwendo wa kilometa 5 kwa saa, atatembea saa 2 na dakika 24. Kwenda na kurudi ni saa 4 na dakika 48. Mwanafunzi huyo huyo akipanda baisikeli na kwenda kilometa 15 kwa saa, atafika kwa dakika 48, na safari zote mbili zitamchukua saa 1 na dakika 36. Tofauti yake ni saa 3 na dakika 12 kila siku, yaani saa 16 kwa juma la siku tano za masomo. Basi, mwivi akichukua baisikeli hiyo hakuchukua chuma na mipira tu. Amechukua saa 16 za kila juma, ambazo zilikuwa za kusoma, za kumsaidia mama, na za kulala usingizi.

Jambo hili limeonekana wazi katika jimbo la Bihar, nchini India. Mwaka 2006 serikali ya jimbo hilo ilianza kuwapa wasichana waingiao darasa la tisa fedha za kununulia baisikeli. Wataalamu walioichunguza kazi hiyo walikuta kwamba idadi ya wasichana walioandikishwa katika shule za sekondari iliongezeka kwa kadiri ya thuluthi moja. Ikiwa baisikeli huweza kumwingiza msichana shuleni namna hiyo, basi kuibiwa kwake huweza pia kumtoa.

Kwa mtu mzima ni vivyo hivyo. Muuza maziwa, mchukuzi wa mkaa, na kijana apandishaye abiria kwenye keria, wote hao duka lao na shamba lao ni baisikeli. Mwaka 1948 Vittorio De Sica wa Italia alitengeneza sinema mashuhuri iitwayo Ladri di biciclette, maana yake "Wevi wa baisikeli". Ni habari ya mtu mmoja katika mji wa Rumi, aliyepata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti la kuwa na baisikeli. Siku ya kwanza ya kazi baisikeli ikaibiwa. Tutarudi kwenye habari hiyo baadaye, kwa sababu mwisho wake una fundisho.

2. MWIVI HUOGOPA MAMBO MATATU

Mtu atakaye kujilinda na adui hana budi kumjua. Mwivi wa baisikeli huogopa mambo matatu: kukawia, kufanya makelele, na kuonekana. Shauri lo lote litakalofuata katika somo hili, ukilichunguza utaona lalenga moja katika hayo matatu.

Wevi wenyewe ni wa namna tatu. Wa kwanza ni mpita njia. Huyu hakutoka nyumbani ili aibe, ila ameikuta baisikeli imeegemezwa ukutani bila kufuli, akatazama kushoto na kulia, akapanda. Kwa huyu kufuli lo lote latosha. Wa pili ni mwivi wa vipande. Yeye haitaki baisikeli nzima, ila ataka taa, pampu, kiti, au gurudumu la mbele, kwa maana vitu hivyo huuzika upesi wala havina namba. Wa tatu ni mwivi mwenye vyombo. Huyu amekuja na msumeno au mkasi wa kukatia chuma, na amekwisha kuchagua. Kumzuia kabisa ni vigumu, lakini waweza kumkawiza mpaka aone afadhali aende zake.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba liko kufuli lisilovunjika. Swali la kujiuliza ni hili: litamchukua dakika ngapi, na je, katika dakika hizo atakuwa amekwisha kuonekana?

3. MAKUFULI NA TABIA ZAKE

Baisikeli nyingi nyeusi za barabara ndefu, kama zile za Phoenix kutoka China na Hero kutoka India, huwa na kufuli la duara lililofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Ukilisukuma, kijiti cha chuma hupita katikati ya spoki, na gurudumu haliwezi kuzunguka. Ni kufuli jema kwa muda mfupi, kama vile unaponunua chumvi nawe waiona baisikeli yako. Lakini kasoro yake ni kwamba halikuifunga baisikeli mahali po pote. Baisikeli ya namna hii huwa na uzito wa kadiri ya kilo 20, nao ni mzigo ambao kijana mwenye nguvu huweza kuubeba begani au kuutupa juu ya gari. Kwa hiyo kufuli la duara ni la kusaidia kufuli jingine. Lisiachwe peke yake.

Pili, kuna waya uliosokotwa na kuvikwa plastiki. Machoni huonekana mnene, lakini unene mwingine ni wa plastiki tu. Ndani yake mna nyuzi nyembamba nyingi, na nyuzi nyembamba hukatwa moja baada ya moja bila taabu. Waya huu wafaa kulinda kiti au gurudumu la mbele, wala haufai kulinda baisikeli nzima.

Tatu, kuna mnyororo na kufuli la kuning'inia. Huu ni mzuri ikiwa pete zake ni nene na kufuli nalo lina nguvu sawa. Watu wengi hununua mnyororo wa nguvu kisha wakaufunga kwa kufuli la sanduku la nguo. Mnyororo huwa na nguvu ya pete yake iliyo dhaifu, na katika mnyororo huo pete dhaifu ni kufuli.

Nne, kuna kufuli la umbo la herufi U, la chuma kimoja kinene kilichopindwa na kufungwa kwa fimbo ya chuma. Kwa kawaida hili ndilo gumu kuliko yote kwa mwivi mwenye vyombo vya mkono. Ubaya wake ni uzito na bei, tena ni fupi, haliwezi kuzunguka nguzo nene.

Sasa tutazame ndani ya kufuli. Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mti yenye vijiti vilivyodondoka katika matundu na kuzuia komeo. Ufunguo wao, uliokuwa kipande cha mti chenye meno, uliviinua vijiti hivyo. Mmarekani Linus Yale, yule mwana, aliitumia kanuni hiyo hiyo katika kufuli dogo la chuma lenye pini na springi, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1861. Mpaka leo makufuli mengi ya mlangoni na ya baisikeli hufuata kanuni hiyo. Kila pini imekatwa vipande viwili, na meno ya ufunguo hupandisha kila pini kwa kimo chake, mpaka mikato yote ikae katika mstari mmoja. Hapo ndipo kiini cha kufuli huzunguka. Pini moja ikizidi au ikipungua, kufuli halifunguki.

Hapa hesabu yaingia. Kufuli lenye pini 5, na kila pini ina vimo 6, huweza kuwa na funguo za namna 6 × 6 × 6 × 6 × 6, yaani 7,776. Lakini kufuli rahisi lenye pini 3 na vimo 4 lina namna 64 tu. Ndiyo sababu wakati mwingine ufunguo wa jirani hufungua kufuli lako. Kabla ya kuliamini kufuli jipya, jaribu funguo za wenzako watano au sita wenye makufuli ya namna ile ile. Ukifunguka hata mmoja, lirudishe dukani.

Makufuli ya tarakimu nayo yana hesabu yake. Lenye magurudumu matatu lina namna 1,000. Mtu akijaribu namna moja kwa kila sekunde 3, atazimaliza zote kwa sekunde 3,000, yaani dakika 50. Lenye magurudumu manne lina namna 10,000, na kuzimaliza ni saa 8 na dakika 20. Tazama jinsi gurudumu moja tu lilivyozidisha kazi mara kumi! Lakini faida hiyo yote hupotea ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, au ukifunga kwa kusogeza tarakimu moja tu.

Wala bei kubwa si kinga ya kila jambo. Mwaka 2004, huko Marekani, iligunduliwa kwamba makufuli mengi ya umbo la U yenye tundu la ufunguo la mviringo yaliweza kufunguliwa kwa kalamu ya plastiki ya kawaida. Kampuni ya Kryptonite iliyatengeneza upya na kuwabadilishia watu bila malipo. Basi chagua kufuli lenye ufunguo bapa ulio na meno mengi.

4. WENZO NA UNENE WA CHUMA

Mkasi wa kukatia chuma ni wenzo. Tuseme mkono wake una urefu wa sentimeta 60 toka kwenye egemeo, na midomo yake hukata sentimeta 3 toka kwenye egemeo. Nguvu huzidishwa mara 60 ÷ 3, yaani mara 20. Mtu akikaza kwa nguvu ya nyutoni 300, midomo itabana kwa nyutoni 6,000.

Je, chuma kitastahimili? Chuma laini cha kawaida hukatika kwa kadiri ya nyutoni 300 kwa kila milimeta moja ya mraba. Kijiti chenye kipenyo cha milimeta 5 kina eneo la 3.14 × 2.5 × 2.5, yaani milimeta za mraba 19.6. Kukikata kwataka kadiri ya nyutoni 5,890. Mwivi wetu ana 6,000, basi atakikata.

Sasa chukua kijiti cha milimeta 10. Watu wengi watasema kina nguvu mara mbili. Sivyo. Eneo lake ni 3.14 × 5 × 5, yaani 78.5, nacho chataka kadiri ya nyutoni 23,560. Kipenyo kimeongezwa mara mbili, lakini nguvu imeongezeka mara nne. Kwa mkasi ule ule mwivi angepaswa kukaza kwa nyutoni 1,178, nguvu iliyo kama uzito wa gunia la kilo 120. Hii ni hesabu ya kukadiria, maana iko mikasi mikubwa yenye nyenzo mbili ndani yake, lakini fundisho lake ni la kweli: milimeta chache za unene ni jambo kubwa.

Tena, si unene peke yake. Chuma kigumu, yaani feleji iliyopashwa moto na kupozwa ghafula, huzidi chuma laini, na msumeno wa mkono huteleza juu yake. Njia rahisi ya kupima ni tupa. Mwombe muuzaji ruhusa, kisha sugua kidogo mahali pasipoonekana. Tupa ikikwaruza na kutoa unga, chuma ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu.

5. JINSI YA KUFUNGA

Kufuli jema likifungwa vibaya ni sawa na kutokuwa nalo. Shika kanuni hizi:

(a) Funga baisikeli kwenye kitu kisichohamishika. Nguzo ya chuma iliyosimikwa kwa saruji ni nzuri. Itikise kwanza. Tazama na kimo chake, kwa sababu nguzo fupi isiyo na kichwa humwezesha mwivi kuiinua baisikeli pamoja na kufuli lake na kuipitisha juu. Mti mchanga hukatwa kwa panga, na waya wa uzio hukatwa kwa koleo.

(b) Funga fremu, usifunge gurudumu peke yake. Gurudumu la mbele hushikwa na nati mbili tu, na baisikeli nyingine zina kile kishikio cha kufungulia upesi bila spana, ambacho Tullio Campagnolo wa Italia alikivumbua kwa ajili ya mashindano. Ukifunga gurudumu la mbele tu, utarudi ukute gurudumu lako limebaki kwenye nguzo, limefungwa vizuri kabisa!

(c) Pitisha mnyororo katika fremu, katika gurudumu la nyuma, na katika nguzo, vyote vitatu pamoja. Gurudumu la nyuma lina bei kubwa kuliko la mbele. Mnyororo ukiwa mrefu, uzungushe na gurudumu la mbele pia.

(d) Mwenye kufuli fupi la U asikate tamaa. Sheldon Brown (1944–2008), fundi na mwandishi wa mambo ya baisikeli wa Marekani, alifundisha kupitisha kufuli katika rimu ya nyuma, mahali ile rimu ipitapo ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, kisha kulifunga kwenye nguzo. Hata kama kufuli halikuizunguka fremu, gurudumu haliwezi kupenya katika pembetatu ile, basi fremu nayo imefungwa. Mwivi atalazimika kuikata rimu na mpira, na hapo ameharibu kitu alichotaka kukiuza.

(e) Usiache nafasi tupu ndani ya kufuli. Mwivi akipata nafasi ya kuingiza nondo, amepata wenzo.

(f) Mnyororo na kufuli visilale chini. Ardhi ngumu au jiwe huwa fuawe, na nyundo huifanya kazi yake kwa urahisi. Vifunge juu, na tundu la ufunguo litazame chini ili vumbi na mvua visiingie.

(g) Funga mahali penye watu, mbele ya duka au karibu na mlinzi. Nyuma ya jengo, mahali ambapo hakuna apitaye, mwivi ana saa zote za dunia.

6. VIPANDE

Pampu na taa za kuchomolewa, ziondoe uingie nazo ndani. Kiti hulindwa kwa njia rahisi ambayo fundi wa njiani huweza kuifanya kwa bei ndogo. Chukua mnyororo wa zamani wa baisikeli, uuvike kipande cha tyubu kuukuu ili usikwaruze rangi, uuzungushe katika vyuma vya chini ya kiti na katika fremu, kisha fundi aunganishe ncha zake kwa pini ya mnyororo. Mwivi wa vipande hana saa ya kushughulika na jambo hilo.

Kishikio cha kufungulia upesi chaweza kuondolewa na kutiwa nati za kawaida. Tena ziko nati zitakazo spana ya pekee. Na baisikeli yenye mapambo mengi, vioo viwili na kengele tatu, huita macho. Iliyo safi lakini ya kawaida hupita kimya.

7. NYUMBANI NA SHULENI

Usiku ingiza baisikeli ndani, hata kama nyumba ni ndogo. Ikiwa haiwezekani, ifunge uani kana kwamba u mjini. Watu husema, "Hapa kwetu hakuna mwivi." Maneno hayo huwa kweli mpaka siku moja.

Shuleni, shauri la vibao limethibitika kuwa jema wala halina gharama. Katwa vibao viwili vya bati kwa kila baisikeli, vyenye namba moja. Mwanafunzi afikapo, mlinzi au mwanafunzi wa zamu hutundika kimoja kwenye usukani, na cha pili humpa mwenyewe. Wakati wa kutoka, hakuna baisikeli ipitayo langoni bila vibao viwili vyenye namba sawa. Mwenye kupoteza kibao chake hungoja mpaka wote wameondoka, ndipo mwalimu wa zamu athibitishe mali yake katika daftari.

Wako waliojaribu kuishi bila makufuli. Mwaka 1965, katika mji wa Amsterdam, Uholanzi, vijana wa kundi la Provo walizipaka baisikeli rangi nyeupe na kuziacha njiani bila kufuli, ili kila mtu azitumie. Polisi walizichukua, kwa sababu sheria ilikataza kuacha baisikeli bila kuifunga! Fikira ya vijana hao haikufa, na leo miji mingi ina baisikeli za watu wote. Lakini hata hizo zina kufuli na namba.

8. MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Methali hiyo wahenga kana kwamba waliitunga kwa ajili ya baisikeli. Baisikeli mia za namna moja, rangi moja, kutoka kiwanda kimoja, utaijuaje iliyo yako? Jibu ni namba ya fremu. Pindua baisikeli, utazame chini pale ekseli ya pedali inapopita, au penye bomba la kiti. Sugua matope, utaiona namba imepigwa katika chuma. Iandike katika daftari pamoja na jina la kiwanda, rangi, tarehe ya kununua na alama zake za pekee, kama vile kovu la kuchomelea. Iweke risiti mahali salama. Mwenye simu yenye kamera apige picha ya baisikeli na ya namba.

Fanya na alama ya siri. Andika jina lako na kijiji chako katika karatasi, ikunje ndani ya plastiki, uitie ndani ya bomba la kiti au la usukani. Mwivi hubadili rangi kwa saa moja, lakini hakumbuki kutazama ndani ya bomba.

Katika nchi ya Japani sheria yataka kila mwenye baisikeli aiandikishe, naye hupewa kibandiko chenye namba, na polisi huweza kujua mara moja baisikeli ni ya nani. Sisi twaweza kuanza kwa daftari la shule na daftari la kijiji.

9. KUNUNUA BAISIKELI ILIYOTUMIKA

Wevi hawaibi ili wajaze nyumba zao baisikeli. Huiba kwa kuwa wako wanunuzi. Ukiuziwa baisikeli njema kwa robo ya bei yake, usiku, na mtu asiyekubali kutaja jina lake, jua kwamba unaalikwa katika wizi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na ile ya Kenya pia, zahesabu kupokea mali ya wizi kwa kujua kuwa ni kosa, wala si la aliyeiba peke yake.

Mnunuzi mwangalifu hudai risiti ya kwanza, huitazama namba ya fremu kama inalingana nayo, na huangalia kama namba haikusuguliwa kwa tupa. Kisha huandikiana hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, pamoja na mashahidi. Hati hiyo itakulinda siku mtu atakapokushika bega njiani na kusema, "Baisikeli hii ni yangu."

10. IKIWA IMEKWISHA KUIBIWA

Usikae kulia. Nenda upesi kituo cha polisi pamoja na namba ya fremu na risiti, upate namba ya taarifa, ambayo Tanzania huitwa RB na Kenya OB. Waarifu mafundi wa baisikeli na wauza vipuri wa karibu, maana baisikeli ya wizi haikawii kupita mikononi mwao. Wape namba, usiwape rangi tu.

Sasa twafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote katika somo hili. Mtu akipaza sauti "Mwivi!" sokoni, watu hukusanyika kwa mawe na fimbo kabla hawajauliza lo lote. Katika nchi zetu wako watu waliouawa namna hiyo, na katika hao wako waliokuwa hawana hatia. Fikiri: baisikeli mbili nyeusi za kiwanda kimoja zimeegemezwa katika ukuta mmoja. Mtu achukua ya mwenziwe kwa kudhani ni yake, na mwenyewe atoka na kupiga kelele. Nani atamsikiliza mtu yule akijieleza? Namba iliyoandikwa katika daftari ingekata shauri kwa dakika moja, bila tone la damu. Basi daftari hilo halilindi mali yako tu, hulinda na uhai wa mtu.

Na hata aliyeiba kweli, hukumu yake iko mahakamani. Wahenga walisema siku za mwivi ni arobaini, lakini hawakusema siku ya arobaini auawe. Baisikeli ina bei dukani, mtu hana. Ukimwona anapigwa, wajibu wako ni kuita polisi na viongozi wa mtaa, na kuwasihi watu wamwache hai.

Sasa turudi kwenye ile sinema ya mwaka 1948. Yule mtu wa Rumi, baada ya kuitafuta baisikeli yake na kuikosa, mwishoni naye anajaribu kuiba ya mtu mwingine. Watu wanamkimbiza na kumkamata mbele ya mwanawe mdogo. Mwenye baisikeli anamtazama mtoto yule, anasema mtu huyo aachwe aende zake. Jiulize, msomaji, ungekuwa wewe ndiwe mwenye baisikeli, ungefanyaje?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nyumba yenu iko kilometa 9 kutoka shuleni. Piga hesabu ya saa utakazookoa kwa juma ukiwa na baisikeli, kwa mwendo uliotajwa katika sehemu ya kwanza.

2. Kijiti cha kufuli kina kipenyo cha milimeta 12, nacho ni chuma laini. Yatakiwa nguvu ya nyutoni ngapi kukikata? Mtu mwenye mkasi wa sehemu ya nne ataweza?

3. Kufuli lina pini 4, na kila pini ina vimo 5. Funguo zake zaweza kuwa za namna ngapi?

4. Chora baisikeli na nguzo, uonyeshe njia mbili nzuri za kuifunga na moja mbaya. Eleza ubaya wa hiyo ya tatu.

5. Leo hii, kabla ya kulala, itafute namba ya fremu ya baisikeli ya nyumbani kwenu, uiandike katika daftari. Swali hili halina maksi, lakini ndilo la kufanywa kwanza.